UZI: Ali, Tyson, Louis, Usyk... vizazi vya uzito wa juu vilishakutana, tufuate madaraja

#1

Wakuu, habari za wakati huu.

Jana kijiweni umezuka tena ubishi ule ule: Tyson angempiga Ali? Mmoja kashika Tyson wa kwenye kanda, mwingine kashika Ali wa Kinshasa 1974 dhidi ya Foreman, tukaachana saa sita usiku kila mtu na lake. Nimeuleta huku kwa sababu nimeishi na mapambano haya tangu enzi za kibanda umiza, tulipokuwa tunalipa kiingilio kumwangalia Tyson kwenye kanda iliyochoka, picha inaruka, na bado mtu akianguka ukumbi mzima unasimama. Miaka yote hiyo nimeona kwamba tunabisha bila kushika ushahidi ulio mbele yetu.

Nianze na mashine, maana najua kuna watakaosema tuiulize kompyuta. Iliulizwa zamani. Mwaka 1967 mtayarishaji wa redio wa Marekani, Murray Woroner, aliingiza rekodi za mabingwa 16 wa uzito wa juu kwenye kompyuta na kutengeneza mashindano ya kusikilizwa redioni. Fainali Rocky Marciano akamshinda Jack Dempsey. Ali alitolewa mapema na Jim Jeffries, bingwa wa tangu 1899. Ali hakulichukulia kama mchezo, akafungua kesi ya dola milioni 1. Walimalizana kwa yeye kukubali kurekodiwa akipambana na Marciano.

Mwaka 1969 wakafungiwa studio Miami. Marciano alikuwa na miaka 45, kapunguza mwili, kavalishwa nywele za bandia. Ali alikuwa kavuliwa ubingwa kwa kukataa jeshi. Wakapigana raundi fupi fupi, na mwisho ukarekodiwa wa aina kadhaa, hata wao wenyewe wasijue upi utatumika. Marciano hakuwahi kuuona, alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Agosti mwaka huo huo. Januari 1970 filamu ikatoka: Marekani watu wakaonyeshwa Marciano anashinda kwa KO (mpinzani kulazwa) raundi ya 13, Uingereza wakaonyeshwa Ali anashinda kwa Marciano kuchanika uso.

Mashine moja, washindi wawili. Tuiache ipumzike.

Sasa hoja yangu. Mabondia wa uzito wa juu ni wagumu kustaafu. Mtu ana miaka 38, 42, 45, bado yumo. Na akiwa bado yumo anakutana na kijana wa kizazi kinachofuata. Hao wazee ndio madaraja. Tukiyafuata tutajua vizazi hivi vinatofautiana kwa kiasi gani, badala ya kukisia.

Daraja ninalolipenda kuliko yote ni Archie Moore. Septemba 1955 alimwangusha Marciano raundi ya pili, kisha akalazwa raundi ya 9, na hilo likawa pambano la mwisho la Marciano, 49 bila kupoteza. Miaka saba baadaye, Novemba 1962, huyo huyo Moore, mzee sasa, anasimama mbele ya kijana Cassius Clay, ndiye Ali kabla ya kubadili jina, na kupigwa raundi ya 4. Na Oktoba 1974 kule Kinshasa, mzee Moore yumo kwenye kona ya George Foreman, yaani kati ya makocha na wasaidizi wake. Mtu mmoja kapigana na Marciano, kapigana na Ali, kisha akamfunda Foreman namna ya kumpiga Ali.

Daraja la pili ni Larry Holmes. Alianza kama mwenza wa mazoezi wa Ali kule Deer Lake, Pennsylvania. Oktoba 1980 akampiga Ali mpaka kona ikamzuia asitoke raundi ya 11. Januari 1988 Tyson akamlaza raundi ya 4, mara pekee Holmes kushindwa kabla ya kengele ya mwisho katika mapambano 75. Hapo wengi wanamsahau. Lakini Februari 1992, ana miaka 42, akamshinda kwa pointi Ray Mercer, bingwa wa Olimpiki 1988, kijana mwenye nguvu ambaye hakuwa amepoteza. Mercer huyo mwaka 1996 akambana Lennox Lewis mpaka majaji wakatofautiana. Mwaka 2002, naye keshazeeka, akapigwa na Wladimir Klitschko raundi ya 6. Wladimir akapigwa na Fury 2015. Fury akapigwa na Usyk 2024, mara mbili.

Yaani Ali, Holmes, Mercer, Wladimir, Fury, Usyk. Hatua tano tu kutoka Louisville hadi Ukraine. Nawasilisha, karibuni tuzichape kwa hoja.

#2

Mkuu umeandika vizuri ila unakwepa jambo kubwa, MWILI. Marciano alikuwa na kilo 84 au 85. Fury alipanda na Wilder Februari 2020 ana kilo 124, urefu sentimita 206. Hizo kilo karibu 40 ni mtoto wa darasa la tano umembeba mgongoni. Siku hizi mtu wa kilo 85 hawekwi hata karibu na uzito wa juu. Joe Louis naye alikuwa na kilo 90 hivi. Hawa mashujaa wenu wa picha nyeusi na nyeupe wangeumizwa tu.

#3

Mkuu #2, kwa Marciano nakuunga mkono, tena bila kinyongo. Nampenda yule mtu kwa roho yake, ila mikono yake ilikuwa mifupi, ukiipima kutoka ncha hadi ncha ni kama sentimita 173 tu. Kumfikia Lewis au Fury angelazimika kuvuka mvua ya ngumi kila sekunde. Sitamdanganya mtu.

Ila usimchanganye Louis na Marciano. Louis aliwapiga majitu. Primo Carnera alikuwa na kilo 118 mwaka 1935, akalambishwa sakafu na mechi ikasimamishwa raundi ya 6. Buddy Baer, karibu mita mbili, kilo 113, hakumaliza raundi ya kwanza Januari 1942. Abe Simon vile vile alikuwa mkubwa na vile vile alilala. Na kabla yao, Julai 1919 pale Toledo, Dempsey wa kilo 85 alimwangusha Jess Willard wa kilo 111 mara saba katika raundi moja. Hapo nakiri sheria ilimbeba, maana enzi hizo hukulazimishwa kwenda kona ya mbali. Dempsey alikuwa anamsimamia Willard kichwani, akiinua goti tu kutoka chini anashindiliwa nyingine.

Utasema majitu ya zamani hayakujua ngumi. Sawa. Carnera alikuwa mzito wa miguu, na Willard hakuwa amepigana kwa miaka mitatu. Basi tuje kwa jitu linalojua ngumi kuliko majitu yote, Tyson Fury. Nani kampiga? Oleksandr Usyk, mtu aliyepanda kutoka uzito wa cruiser, ulio chini ya uzito wa juu, sentimita 191, kilo kama 101. Mei 2024 Riyadh alikuwa mwepesi kwa kilo 17, akashinda. Desemba tofauti ikazidi kilo 20, akashinda tena. Kabla ya hapo alishamshinda Joshua mara mbili.

Na sasa angalia namba hizi, maana mimi zilinikaa kichwani wiki nzima. Usyk: urefu sentimita 191, mikono sentimita 198. Muhammad Ali: urefu sentimita 191, mikono sentimita 198. Ali alipigana na Foreman akiwa na kilo 98. Huyu Usyk ana mwili wa Ali! Kwa hiyo hoja ya mwili kwa watu wa kimo cha Ali, Foreman na Holmes imeshajibiwa ulingoni, kwa mkanda, mbele ya dunia nzima. Kwa watu wa kilo 85, bado naiheshimu.

#4

Nimewasoma wote. Mleta uzi, mnyororo wako una tundu. Ken Norton alimshinda Ali Machi 1973 San Diego na kumvunja taya. Mwaka uliofuata Foreman akammaliza Norton raundi ya 2 kule Caracas. Frazier naye alimshinda Ali 1971, Foreman akamwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili Kingston. Kwa hesabu yako ya "fulani kampiga fulani", Foreman angemtafuna Ali Kinshasa. Kilichotokea tunakijua, KO raundi ya 8, aliyelala ni Foreman. Ngumi ni mitindo, haziendi kwa mnyororo.

#5

Hapo umenishika mkuu, na nashukuru, maana inanibidi niseme vizuri zaidi nilichokusudia. Mnyororo hausemi nani atashinda. Unasema viwango vya vizazi haviko mbali kama tunavyodhani. Kama mabondia wa miaka ya 90 wangekuwa wa sayari nyingine, Holmes wa miaka 42 asingemfundisha ngumi Mercer. Foreman wa miaka 42 asingemaliza raundi 12 na Holyfield 1991. Na ile Novemba 1994 isingetokea kabisa: Foreman ana miaka 45, kavaa bukta ile ile nyekundu ya Kinshasa, yuko nyuma kwa pointi kwa majaji wote, raundi ya 10 anampa Michael Moorer mkono wa kulia mfupi, Moorer kalala chali hajui yuko wapi. Kwenye kona ya Foreman usiku ule alikuwa Angelo Dundee, aliyekuwa kona ya Ali Kinshasa! Nikiitazama ile bukta huwa nanyamaza kidogo. Miaka ishirini yote mtu kaitunza.

Mshindi, kama ulivyosema, anaamuliwa na mitindo. Na hapo ndipo nataka tuingie, tukianza na pambano ambalo watu hawaliulizi sana, Foreman wa 1973 na Tyson wa 1988.

Tyson wangu ni yule wa 27 Juni 1988, Atlantic City, alipommaliza Michael Spinks kwa sekunde 91. Kocha wake Kevin Rooney alikuwa bado kwenye kona. Tazama kazi yake: glovu mbili ziko mashavuni, kichwa kinacheza kushoto kulia kama cherehani, anaingia chini ya jebu (ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele), mkono wa kulia unagonga mbavu, na kabla mbavu hazijapumua mkono ule ule unapanda na apakati (ngumi ya kutoka chini kwenda juu) kidevuni. Alijifunza kwa marehemu Cus D'Amato kuugeuza ufupi wake, sentimita 178, kuwa silaha.

Ila anaingia kwa mbele, ameinama. Na Foreman wa Kingston aliumbwa kwa ajili ya mtu anayeingia mbele ameinama. Frazier aliingia hivyo hivyo. Foreman alinyoosha mikono miwili, akamsukuma mabegani arudi kwenye umbali anaoutaka, kisha apakati. Alimnyanyua Frazier miguu ikaacha sakafu. Najua Tyson ni mwepesi kuliko Frazier na alianza pambano kwa moto wakati Frazier alichelewa kupata joto. Kwa hiyo Tyson anaweza kumshtua Foreman ndani ya dakika ya kwanza, nakubali hatari hiyo ipo. Lakini nikilazimishwa kuchagua, nampa Foreman, raundi ya 3 au ya 4.

Na Tyson kwa Ali? Ali wangu ni yule wa 14 Novemba 1966, Astrodome ya Houston, dhidi ya Cleveland Williams. Mtu mrefu vile, mzito vile, anateleza kurudi nyuma huku anapiga, miguu inapishana, Williams anaanguka mara tatu raundi ya pili na mechi inaisha ya tatu. Sijaona uzito wa juu mwingine akitembea vile.

#6

Kaka, kwa heshima, huyo Cleveland Williams wa 1966 alikuwa mgonjwa. Mwaka 1964 polisi wa Texas alimpiga risasi tumboni, akafanyiwa upasuaji tena na tena, akapoteza figo moja, na risasi ikabaki mwilini. Ule haukuwa usiku wa kumpimia Ali. Mtu yeyote mwenye miguu angependeza mbele ya Williams yule.

#7

Mkuu #6, ni kweli, na nilipaswa kuisema mwenyewe. Williams kupanda ulingoni vile ni ushujaa, ila si kipimo. Nabadilisha. Nachukua Ali wa 25 Februari 1964, Miami Beach, miaka 22, dhidi ya Sonny Liston ambaye dunia nzima ilimwogopa kama ilivyomwogopa Tyson baadaye. Huu ni mfano bora zaidi, kwa sababu nusu ya kazi ya Tyson ilimalizwa na woga wa mpinzani. Spinks alishindwa kabla ya kengele, tazama uso wake akiingia. Ali yule alikutana na mtu wa kutisha kuliko wote wa zama zake, raundi ya tano akipigana macho yanawaka kwa dawa iliyomwingia hata haoni, na Liston ndiye aliyebaki kwenye kiti chake raundi ya saba.

Hatari kwa Ali ni mkono wa kushoto wa Tyson ule wa kuzungusha. Ali alikuwa na tabia mbaya ya kukwepa kwa kuvuta kichwa nyuma mikono ikiwa chini. Henry Cooper alimwangusha kwa ngumi hiyo London 1963. Frazier alimwangusha nayo raundi ya 15, Machi 1971. Tyson angeitafuta usiku mzima, na angeipata walau mara moja.

Lakini Cooper na Frazier walimwangusha, na mara zote mbili alisimama. Na tazama waliomaliza raundi zote na Tyson yule kijana: Tillis, Mitch Green, Bonecrusher Smith, Tony Tucker. Walitembea, walikumbatia, walipiga jebu. Tokyo Februari 1990 Buster Douglas alifanya yote matatu kwa usiku mmoja na kumlaza raundi ya 10. Ali alizaliwa na hayo matatu, hasa kukumbatia, maana alikuwa anamshika mtu shingo na kumvuta chini mpaka misuli ya mgongo inachoka. Foreman alikiona Kinshasa. Mimi nampa Ali baada ya raundi ya 9, Tyson akiwa amechoka kutafuta kichwa ambacho hakipo alipopiga.

#8

Vijana, mimi ni mtu mzima kidogo. Mnasema Ali, Ali, ila Ali alikuwa wengi. Februari 1980 alikuja Dar es Salaam ametumwa na Rais Carter kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu alikataa kumwona. Wengine tulimwonea huruma, wengine tulisema Mwalimu kafanya sawa, iweje mtume bondia kuzungumza na serikali. Alikuwa mnene kidogo, na kauli yake ilianza kuwa nzito. Huyo ndiye Ali aliyepanda na Holmes Oktoba mwaka huo huo. Kwa hiyo daraja lako la Holmes na Ali, mwanangu, lilijengwa juu ya mtu ambaye alishakwisha.

#9

Shikamoo mzee. Umesema kweli tupu, na ndiyo maana pambano lile la Holmes huwa siliangalii hadi mwisho. Holmes mwenyewe alilia baadaye. Daraja la Ali na Holmes nalivunja. Lile la Holmes na Mercer linabaki, kwa sababu pale mzee ndiye aliyeshinda.

Tuje kwa Louis: mimi naamini Louis ndiye mwenye mikono mizuri kuliko wote, ngumi inasafiri inchi chache na mtu anaanguka. Alimaliza na Schmeling sekunde 124 mwaka 1938, alitetea mkanda mara 25, hakuna aliyefika hapo. Ila msisahau glovu. Yeye alipiga kwa glovu za wakia 6, leo uzito wa juu ni wakia 10. Mpe Louis glovu zake na umpe mpinzani yeyote wa leo kichwa cha binadamu, nitaogopa. Mpe za leo, na mpinzani awe na miguu kama ya Ali au Holmes, atasumbuka kama alivyosumbuliwa na Billy Conn 1941, aliyeongoza mpaka raundi ya 13 kabla ya kujisahau na kutaka kubadilishana ngumi.

#10

Mleta uzi, umesema Usyk ana mwili wa Ali, halafu ukapita. Rudi hapo. Ali na Usyk, nani?

#11

Nilijua swali litakuja, na ndilo gumu kuliko yote kwenye uzi huu. Kwangu mpinzani wa kumtisha Ali si Tyson wala Fury, ni Usyk. Sababu ni moja: Usyk ni mashoto, anasimama mkono wa kulia mbele na wa kushoto nyuma.

Septemba 1966, Frankfurt, Ali alikutana na Karl Mildenberger wa Ujerumani, mashoto wa kwanza kugombea ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Huyu ni Ali wa kilele, miezi miwili kabla ya Houston. Alimwangusha, ndiyo, lakini ilimchukua mpaka raundi ya 12 kummaliza mtu ambaye hakuwa wa daraja lake. Jebu yake ilikuwa inagongana na mkono wa mbele wa mwenzake, na ile njia yake ya kuzunguka kwa mashoto haikumfaa tena kama alivyozoea. Sasa mtoe Mildenberger, mweke Usyk, ambaye haachi kusogeza mguu wa mbele nje ya mguu wako, na ambaye raundi ya 9 alimfanya Fury ayumbe kutoka kamba hadi kamba mpaka refa akamhesabia.

Kwa hiyo jibu langu linategemea raundi. Baada ya kifo cha bondia Duk Koo Kim mwaka 1982 raundi 15 zilianza kuondolewa, leo ni 12. Ali alikuwa mtu wa kumsoma mwenzake polepole. Raundi 12 hazimtoshi kumfumbua Usyk, nampa Usyk kwa pointi mbili au tatu. Raundi 15, kwa sheria za mwaka 1966, nampa Ali, na tatu za mwisho zinakuwa zake.

Kanda ya Frankfurt ipo mtandaoni nzima. Angalieni raundi za mwanzo, tena angalieni miguu, msiangalie mikono, halafu mje mnijibu.